Ligi ya vijana kambini: mpira huleta amani, au huuhamishia uwanjani ugomvi uliopo?

Mwalimu wa Wete (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum, wazee wangu na ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika skuli moja ya sekondari hapa Wete, Pemba. Nimepata nafasi ya kwenda Kasulu, mkoani Kigoma, pamoja na wenzangu wa kujitolea, kusaidia kuanzisha ligi ya vijana wa umri wa miaka 14 hadi 18 katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya mashariki mwa nchi yao, na kuanzia mwaka 2015, Burundi ilipoingia katika machafuko ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, ikapokea pia Warundi wengi. Hata Wakongo wenyewe, ingawa sehemu kubwa wametoka Kivu Kusini, hawakufika wakiwa kitu kimoja, kwani humo wamo watu ambao jamii zao zilipigana huko kwao na sasa wanachota maji katika bomba moja.

Andiko la mradi tulilokabidhiwa limejaa matumaini. Linaitaja tarehe 6 Aprili, ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga mwaka 2013 kuwa Siku ya Kimataifa ya Michezo kwa Maendeleo na Amani, na linaitaja Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi iliyoshiriki kwa mara ya kwanza mjini Rio de Janeiro mwaka 2016 ikiwa na wanamichezo 10, watano kati yao wakiwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma na kufundishwa na Tegla Loroupe wa Kenya. Yote hayo ni ya kweli na ninayaheshimu. Lakini nimewahi kushika filimbi katika mechi za vijijini kwetu, na kila aliyewahi kuishika anajua kwamba penalti moja yaweza kuwatenganisha watu waliosali safu moja adhuhuri.

Kinachonitatiza zaidi ni upangaji wa timu. Wenzangu wengi wanapendelea kila taifa liwe na timu zake, kwa hoja kwamba wachezaji watapatikana kwa urahisi na watazamaji watajaa. Mimi nasita. Aidha, sijui tuwaingizeje mabinti bila kuwafanya pambo la picha za ripoti, na sijui tufanye nini ili hicho kidogo kitakachopatikana uwanjani kisiishie uwanjani. Mwenye uzoefu au elimu ya mambo haya naomba anisaidie.

Kocha wa Gombani

Wa alaykum salaam, Maalim.

Mimi nakinzana nawe kidogo. Usiogope timu za mataifa. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na makaburi ya wazee wake anahitaji kitu cha kujivunia, na jezi ni kitu. Tukumbuke sisi wenyewe Desemba 2017, Zanzibar Heroes, timu yetu ya Zanzibar, walipokwenda Kenya kwenye Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati. Julai ya mwaka huohuo Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika lilikuwa limetuvua uanachama tuliopewa Machi, na humu visiwani watu walikuwa bado hawajasahau kufutwa kwa uchaguzi wa Oktoba 2015. Wako waliokuwa hawapeani mkono. Vijana wale wakawafunga Tanzania Bara mabao mawili kwa moja, wakafika fainali Machakos, wakatoka sare ya mbili kwa mbili na wenyeji na kushindwa kwa penalti. Siku zile sikumsikia mtu akiuliza huyu mfungaji ni wa chama gani. Timu yenye jina lenu na rangi zenu inaweza kufanya jambo ambalo mkutano wa hadhara hauliwezi.

Mtafiti wa Tunguu

Kocha, heshima yako, na furaha ile ya Desemba sote tuliionja. Ila naomba tuitazame vizuri sababu yake. Heroes walituunganisha kwa kuwa mpinzani alikuwa nje ya visiwa vyetu. Nyarugusu, timu ya Warundi itakapocheza na timu ya Wakongo, mpinzani atakuwa ni yule anayelala hema la pili. Jezi itawaunganisha wa upande mmoja, na papo hapo itawapa sababu ya kuhesabu waliofungwa na waliofunga katika mahali ambapo watu tayari wanahesabiana mambo mazito zaidi. Mwaka 1969 Honduras na El Salvador ziliingia vitani muda mfupi baada ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Chanzo hakikuwa mpira. Chanzo kilikuwa ardhi, na maelfu ya wahamiaji wa Kisalvador waliokuwa wakifukuzwa Honduras. Mechi zilikuwa pahala ambapo hasira ile ilipata uwanja, bendera na mashabiki.

Maalim, kuhusu swali lako la kuchanganya, kuna utafiti unaokaribiana sana na hali utakayoikuta, nami nitaueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu wengi huutaja nusu. Mtafiti Salma Mousa alifanya kazi kaskazini mwa Irak pamoja na Wakristo waliokimbia makazi yao mwaka 2014 mbele ya kundi lililojiita Dola la Kiislamu. Aliandaa ligi za mpira wa miguu za watu wa kawaida. Timu zote zilikuwa za Wakristo, na kila timu iliongezewa wachezaji wachache wapya. Kwa kura, baadhi ya timu zilipewa Wakristo wenzao, na nyingine zikapewa Waislamu, jambo ambalo mwanzoni halikupendwa na wengi, kama unavyoweza kukisia, kwani majeraha yalikuwa mabichi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Waliocheza pamoja na Waislamu walielekea zaidi kumpigia kura Mwislamu wa timu nyingine apate tuzo ya nidhamu, walikubali zaidi kujiandikisha katika timu mchanganyiko msimu uliofuata, na miezi sita baada ya ligi kwisha walikuwa bado wanafanya mazoezi na Waislamu. Hapo ndipo wasimuliaji wengi wanapokoma. Sehemu ya pili ni kwamba wachezaji haohao hawakuonesha mabadiliko ya maana kwa Waislamu wasiowafahamu: hawakwenda zaidi kula katika mkahawa wa Mosul, mji wenye Waislamu wengi, wala hawakuhudhuria zaidi shughuli ya kijamii iliyochanganya dini. Urafiki ulifika mpaka wa uwanja na ukasimama pale.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kuchanganya ndani ya timu, si timu dhidi ya timu, na jibu la swali la tatu ni kwamba kuchanganya peke yake hakutoshi. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika tangu mwaka 1954 kwamba kukutana kwa makundi mawili hupunguza chuki pale wanapokutana wakiwa na hadhi sawa, wakiwa na lengo moja, wakilazimika kusaidiana, na wakubwa wao wakiunga mkono. Timu ya mchanganyiko inatimiza matatu ya mwanzo, ikiwa tu kocha hatawaweka Wakongo wote mbele na Warundi wote benchi. La nne liko mikononi mwa viongozi wa kanda za kambi, wachungaji, mashekhe na wazazi, na hao hawavai jezi.

Kuna pia utaratibu uliozaliwa Medellín, Colombia, baada ya mchezaji Andrés Escobar kuuawa Julai 1994, siku chache tangu ajifunge bao katika Kombe la Dunia. Mechi yao ina vipindi vitatu. Katika cha kwanza timu mbili hukaa chini na kukubaliana kanuni za siku hiyo. Cha pili ndicho mpira wenyewe, nao huchezwa bila refa. Na katika cha tatu hukaa tena, wakajadili nani alitimiza makubaliano, na alama za uungwana zikaingia katika msimamo pamoja na alama za mabao. Wewe unaweza kubaki na refa, maana vijana wa miaka 14 wasio na refa wanahitaji msuluhishi aliyefunzwa vizuri kuliko refa. Lakini vikao hivyo viwili usiviache. Kijana wa Kirundi na wa Kikongo wanaobishana kwa utulivu, kwa Kiswahili cha kila mmoja wao, iwapo mpira wa mkono usiokusudiwa uadhibiwe, wanafanya zoezi ambalo hakuna semina inayoweza kuliandaa.

Mzee wa Micheweni

Mwanangu mwalimu, na wewe mwanangu wa Tunguu, nimewasoma. Mimi si msomi wa mambo haya, lakini nimewahi kuitwa mkimbizi, na humu naona tunawazungumzia wakimbizi utadhani ni watu wa sayari nyingine.

Januari 2001, baada ya maandamano ya tarehe 27 ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa mwaka 2000 kuzimwa kwa risasi, na watu zaidi ya 30 kuuawa, Wapemba zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Kenya, na wengi wetu tulishukia Shimoni. Baadhi walipelekwa hadi kambi ya Dadaab. Wengi tulirejea ndani ya mwaka huohuo. Vijana wetu jioni walicheza mpira na vijana wa pale, nao mpira uliwasaidia, sikatai, kwa sababu kijana asiye na kazi wala skuli wala bahari yake anaumwa kwa namna yake. Lakini kilichotufanya tulale kwa amani ni kwamba pwani ile ilikuwa na Wapemba waliohamia miaka mingi nyuma, wakaoa na kuolewa humo, hao ambao serikali ya Kenya iliwatambua rasmi kuwa miongoni mwa jamii za nchi hiyo mwaka 2023. Tulikuwa na mtu wa kutusemea. Wakongo na Warundi wa Nyarugusu nani anawasemea katika vijiji vya jirani?

Hilo ndilo naliona limekosekana katika andiko lenu. Mnazungumza habari ya Wakongo na Warundi, na mmemsahau Muha, mwenyeji wa kijiji cha Makere, ambaye kambi imejengwa kwake. Mkimbizi huenda kutafuta kuni katika misitu ya kijiji, na huko wanawake hupigwa na kufanyiwa mabaya makubwa kuliko hayo. Mwanakijiji naye anasema miti yake inakwisha, na kila gari la msaada linalopita linampitia yeye bila kusimama. Ligi itakayogawa jezi mpya na mipira kwa vijana wa ndani ya uzio, huku vijana wa Makere wakichungulia, itaongeza sababu moja ya kinyongo. Waingizeni tangu siku ya kwanza. Wawe katika kamati, wawe na timu, na ikiwezekana wawe ndani ya timu za mchanganyiko. Kumbukeni tu kwamba kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 mkimbizi hatoki katika eneo lake bila kibali, na mwanakijiji naye haingii kambini kiholela, kwa hiyo vibali viombwe Wizara ya Mambo ya Ndani mapema, si wiki ya mechi.

Jambo jingine. Watu hupenda kumtaja Didier Drogba, aliyepiga magoti na wenzake mbele ya kamera mwaka 2005, Ivory Coast ilipofuzu Kombe la Dunia, akawaomba wananchi waweke silaha chini, na mwaka 2007 wakacheza na Madagascar mjini Bouaké, ngome ya waasi, wakashinda mabao matano kwa bila. Ni kisa kizuri. Lakini mapatano ya Ouagadougou yalikuwa yameshatiwa saini Machi ya mwaka huo, kabla ya mechi, na baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2010 vita vilirudi, vikaua watu wapatao 3,000. Kwetu hapa pia, kilichotupumzisha ni Muafaka wa Oktoba 2001 kati ya CCM na CUF, kisha maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, na hata hivyo mnajua yaliyofuata. Katika uwanja wetu wa Gombani palichezwa mpira miaka yote hiyo, ya heri na ya shari. Mimi napenda mpira, mwanangu, lakini usiende Kigoma ukawaahidi watu kile ambacho mpira haukutupa sisi.

Bi wa Mkoani

Mzee wetu, shikamoo. Mwalimu, mimi nitajibu la mabinti tu, kwa kuwa nimeona limepitwa kimya na mabwana wote watatu.

Usianze kwa kuwauliza mabinti kama wanataka kucheza mpira. Anza kwa mama zao, na swali la kwanza liwe la saa. Saa kumi ya jioni, ambayo nyinyi mnaiona saa nzuri ya mazoezi, ndiyo saa ya binti kuteka maji na kuwasha jiko, na kurudi kwake kutoka uwanjani kutaangukia magharibi, katika njia zisizo na taa. Kwa binti wa kambini asubuhi ya mwisho wa wiki ni bora kuliko jioni yoyote. Kisha uliza kuhusu mavazi, kuhusu mahali pa kubadilishia nguo palipo na mlango, na kuhusu taulo za kike, maana binti anayekosa mazoezi kila mwezi hataulizwa na kocha mwanamume sababu ni nini, wala yeye hatamwambia.

Usiufanye mpira wa miguu kuwa lazima. Mpira wa pete unajulikana sana Tanzania yote, na huku kwetu tunao mchezo wa nage, unaohitaji mpira mmoja na kiwanja kidogo cha mchanga, ambao hata mama watu wazima wanauingia bila kuona haya. Waulize pia wao wanacheza nini. Watoto wa Kivu na wa Makamba kule Burundi hawakukulia bila michezo. Na mechi ya mabinti isiwe ya kuwapasha moto watazamaji kabla ya mechi ya wavulana. Iwe na siku yake, refa wake na zawadi yenye thamani ileile. Huko Medellín alikotutajia ndugu wa Tunguu, najua walikuwa na kanuni kwamba bao la kwanza lifungwe na msichana, na kwa hiyo wavulana walilazimika kujifunza kumpa pasi. Kwa Nyarugusu sikushauri uanze na timu za jinsia mbili, wazazi wengi wa dini zote watawatoa mabinti zao, lakini ni vizuri ulijue.

La mwisho ndilo zito. Kambini, kocha ni mtu mwenye viatu, sabuni, jezi na orodha ya majina. Hiyo ni nguvu kubwa mbele ya mtoto asiye na kitu. Kila timu ya mabinti iwe na mwanamke katika benchi, pasiwe na zawadi ya siri wala mazoezi ya mtu mmoja, na atajwe hadharani mtu asiye kocha wa kupokea malalamiko, ambaye watoto wanamjua kwa sura. Na hizo picha za ripoti ulizozitaja mwenyewe, Mwalimu: mtoto aliyekimbia kwao huenda bado anatafutwa. Sura yake isipelekwe mtandaoni kwa ajili ya kumfurahisha mfadhili.

Mwalimu wa Wete

Mungu awazidishie. Nimewapelekea wenzangu maelezo yenu yote, pamoja na ya Kocha, ambaye naona hoja yake ya fahari haijafa: tunafikiria timu ziwe za mchanganyiko kwa ligi, halafu kuwe na siku moja ya maonesho ambapo kila jamii itakuja na ngoma, nyimbo na michezo yake ya jadi bila kushindanishwa na nyingine. La Makere tumelikubali, na barua za vibali zinaandikwa. Kwa la mabinti, dada mmoja katika kundi letu amekubali kutangulia kuzungumza na kina mama kabla ratiba haijapangwa.

Limebaki jambo moja ambalo silioni njia yake. Tangu Septemba 2017 Warundi wamekuwa wakirejeshwa kwao kwa utaratibu wa hiari, na kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Yaani naweza kuwa na timu nzuri ya mchanganyiko Jumatatu, na Alhamisi nusu yake imepanda basi. Na nimeambiwa kwamba suala lenyewe la nani amejiandikisha kurudi na nani amekataa linazua maneno kati ya jirani na jirani. Nitaendeshaje ligi katika hali hiyo?

Kocha wa Gombani

Hapa naweza kukusaidia, kwa sababu hata huku mchezaji wa ligi ya vijana (Juvenile) hutoweka msimu ukiwa katikati, akaenda Unguja au Oman. Usiweke msimu mrefu. Wiki sita zinatosha, zikifuatwa na mapumziko na upangaji mpya wa timu, ili kuondoka kwa mtu kusionekane kuwa ni kuisaliti timu. Sajili wachezaji wengi kuliko unaowahitaji, na weka kanuni kwamba timu iliyopungukiwa inaazima mchezaji kwa iliyojaa, bila rufaa. Zile alama za uungwana zifae hapa pia: timu inayomtoa mchezaji wake kuazimwa ipate alama. Kule Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kilichoanza mwaka 1987 kimekuwa kikizipa timu alama za ligi kwa kusafisha mitaa yao, na hakuna aliyesema si mpira. Nanyi mnaweza kuzipa timu alama kwa kupanda miti upande wa Makere.

Mtafiti wa Tunguu

Naunga mkono, na naongeza mawili. Habari za kurejea zisitangazwe uwanjani, wala ofisa yeyote asitumie mkusanyiko wa mechi kuandikisha watu au kuwahimiza, hata akiomba kwa upole. Siku mtakapomruhusu, wazazi watauona uwanja kuwa ni tawi la ofisi na watoto hawatarudi. Pili, makocha wasaidizi wa Kirundi wafundisheni kwa makusudi kuliko wengine, kwa sababu wao ndio wataondoka na ujuzi. Mpeni kila kocha na kila mchezaji anayeondoka cheti kinachoeleza alichojifunza na nafasi aliyocheza, kikiwa kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, ili akifika Makamba au kwengineko awe na karatasi ya kumwonesha mwalimu wa skuli atakayompokea. Picha isiwemo, kwa sababu alizozitaja Bi wa Mkoani.